Kirikuu si nyumba, wadogo zangu

Juzi nimepita Chikongola, hapa Mtwara, kufuata bolti, nikawakuta vijana wawili wamepandisha plaiwudi ya milimita 18 juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Mmoja kashika ubao, mwenzake anapiga skurubu, na fremu ni ya mninga wa mbili kwa tatu, umepigwa randa mpaka unang'aa. Nikauliza mnajenga nini. "Chumba cha kulala cha mteja, kaka, cha kusafiria. Hiki hakitikisiki." Nikachungulia springi za nyuma. Zimeshanyooka kama rula, na paa bado halijapanda.

Nilitaka kusema neno, nikajiona mimi mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita, nikashindwa. Nikalipia bolti zangu nikaondoka. Acha niandike.

Mambo ya kuchomelea na kupiga randa siyagusi. Hayo mnayajua, wengine mnanizidi.

1. Mizani kwanza, futi baadaye

Kirikuu, hii Suzuki Carry ya cc 660 mnayoiona kila kona, Japani waliitengeneza ibebe kilo 350. Msiniambie habari za jamaa wa sokoni anayepakia magunia mpaka bodi inalia. Yule anakwenda kilomita tatu, anashusha. Chumba hakishushwi. Kinakaa mgongoni usiku na mchana, kwenye lami na kwenye makorongo.

Mimi nilikuwa seremala wa milango na vitanda kwa miaka tisa, na hapa mjini jina lilishakaa. Akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa historia. Maisha yake yote kawafundisha watoto habari za Kilwa: jumba la Husuni Kubwa, msikiti mkuu, masultani na sarafu zao. Kulala Kilwa hajawahi hata usiku mmoja. Kila akienda ni semina, jioni anarudishwa. Akaniambia, "Fundi, Ibn Battuta katoka Moroko kafika Kilwa mwaka 1331. Mimi wa Mtwara nashindwa?" Kapata kiinua mgongo, kanunua kirikuu, anataka yeye na mama waende polepole, wakichoka walale hapo hapo. Nusu ya hela akanipa mkononi, hata hatukuandikishana. "Nijengee kitu imara."

Neno "imara" ndilo lililoniponza. Kwa seremala, imara ni nzito. Mlango ukiwa mwepesi mteja anaugonga kwa kidole, anakuangalia kama umemwibia. Basi nikamjengea mwalimu mlango wenye magurudumu. Plaiwudi 18 kuta zote, 18 sakafu, 18 paa, na juu ya paa bati. Fremu mninga. Kitanda chenye droo sita, kila droo na kitasa cha shaba. Tangi la maji la lita 60. Watu wa mtaani walikuja kupiga picha.

Dalili zilikuwepo, na hapa ndipo ninapojichukia. Siku ya kulijaribu usiku, taa zilimulika nazi juu ya minazi, barabara ikabaki giza. Msaidizi wangu, mtoto wa Newala asiye na aibu, akasema, "Bosi, hili gari linatafuta popo." Nikamcheka. Kisha nikachukua bisibisi nikashusha taa. Hebu lisikieni hilo: gari linaniambia limezidiwa nyuma, mimi nashusha taa! Mwalimu naye akasema mbona usukani umekuwa mwepesi hivi. Nikamjibu ndiyo raha yake. Matairi ya mbele yalikuwa yanakaribia kuaga lami, mimi naita raha.

Waliondoka Jumamosi. Wakapita Mingoyo, wakapita Lindi, wakashika ya Mchinga. Saa mbili usiku simu ikaita. "Fundi, gari limekaa kama kuku anayeatamia." Hakugomba. Angegomba ningelala. Jani kubwa la springi ya kushoto lilikuwa limekatika, chumba kimelala upande, na tairi inasaga sakafu niliyoipiga msasa mara tatu. Salama yao ni kwamba mwalimu huendesha kama anasahihisha madaftari, taratibu, mstari kwa mstari.

Nikapanda basi la alfajiri. Nikawakuta wamekaa kwenye mkeka chini ya mkorosho. Nikawaamkia. Mama akaitikia, akanimiminia chai, akanisogezea mhogo, hakuongeza neno. Nimetukanwa na wateja wengi maishani. Hakuna tusi linaloifikia ile chai.

Tukaomba mizani ya chama cha msingi cha ushirika, ile ya kupimia korosho. Nikakifungua chumba kipande kwa kipande mbele ya watoto wa kijiji kizima, na karani anaandika. Plaiwudi tano, kilo 152. Mninga, 74. Kitanda na droo zake, 43. Tangi na maji yake, 64. Betri, 29. Mtungi mkubwa wa gesi, 31. Godoro, bati, masufuria na boksi la vitabu vya mwalimu, 58. Jumla 451, na mwalimu na mama hawamo. Karani akainua kalamu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Niandike daraja la kwanza au la pili?" Watu wakaangua kicheko, mwalimu naye akacheka. Mimi nikaenda nyuma ya ghala nikajifanya napokea simu.

Springi mpya nikalipa mimi. Gari la kurudisha mbao nikalipa mimi. Mwalimu akarudi Mtwara na kirikuu tupu, na Kilwa mwaka ule hakuiona.

Cha pili nilikijenga kwa skwea paipu ya inchi moja, ile ya unene wa milimita 1.2, plaiwudi ya 6 kuta na paa, ya 9 chini. Tangi likawa madumu mawili ya lita 20, mtungi ukawa mdogo wa kilo sita. Chumba kitupu kilo 148, na hizo ni za mizani, si za macho. Plaiwudi ya 18 ni karibu kilo 30 kwa kipande, ya 6 ni kama 10. Kwenye vipande vitano hiyo tofauti ni mtu mnene uliyempakia na hashuki mpaka mwisho wa safari. Kila kinachopanda kipimwe, kiandikwe kwa chaki ukutani. Ukifika 280 pamoja na maji na vyombo, weka chaki chini, kazi imekwisha.

2. Bolti zishike chasisi

Usifunge chumba kwenye kuta za bodi. Lile ni bati la kuzuia nyanya zisidondoke. Shuka mpaka kwenye chasisi, bolti nne za maana, washa pana, nati mbili mbili.

3. Maji na betri

Vikae chini, mbele ya ekseli ya nyuma, vimeegemea upande wa kabini. Na fyuzi iwe jirani na betri, siyo kule kwenye taa.

4. Plaiwudi ya kanyaboya

Muhuri wa kwamba inahimili maji kila mtu anaweza kuugonga. Kata kipande cha kiganja, kichemshe saa nzima. Kikifumuka kama chapati ya kusukuma, rudisha dukani. Sufuria nunua yako. Nyumbani kwangu suala hili lilishafika kwa wazazi wa pande zote mbili.

5. Rangi

Kuna mteja alitaka buluu ya Bahari ya Hindi, nami kwa kuwa mteja ni mfalme nikapaka. Akaenda Liwale, upande wa kule porini. Kumbe mbung'o anazipenda buluu na nyeusi kuliko rangi nyingine. Wanaomtega mbung'o hutumia vitambaa vya rangi hizo hizo. Jamaa alipiga simu akiwa kajifungia ndani saa sita mchana, jasho linamtiririka, na nje kuta zote zinatembea. Alisema nimemjengea mtego na chambo nikamweka yeye. Pakeni nyeupe au rangi ya mchanga, joto nalo linapungua.

6. Mkaa

Jiko la mkaa haliingii ndani. Hata mvua ikinyesha, hata likiwa limebaki majivu yenye vimoto viwili. Ile hewa yake haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Mteja akibisha, mrudishie hela yake. Kisha toboa matundu ya hewa mawili, moja chini na moja juu, na yawekee wavu wa mbu.

7. Chumvi na mvua

Bati la alumini likigusana na chuma kwa hewa hii ya chumvi ya hapa kwetu Shangani, miezi michache tu linaanza kuota unga mweupe. Tenganisha kwa mpira au rangi nzito. Paa lipe mteremko wa inchi mbili. Paa bapa ni bwawa.

8. Mlango wa karakana

Nilikuwa nimepanga kuishia pale kwenye saba, lakini yule mtoto wa Newala anasoma juu ya bega langu na anasema nisipolisimulia hili atalisimulia yeye.

Kile chumba cha pili, chepesi, kilichopimwa kila msumari, tulikijengea ndani kwa sababu ya mvua, kikiwa juu ya gari. Siku ya kukabidhi mwalimu kaja na mama, mabegi yako chini, nguo za safari. Nikawasha, nikarudi nyuma, kikasikika kishindo. Kizingiti cha juu cha mlango wa karakana kilikuwa chini ya paa la chumba kwa inchi tano. Mtoto wa Newala akashauri tutoe upepo kwenye matairi. Tukatoa. Tukapata inchi mbili. Wakapanda vijana sita nyuma ili likae chini, ikapatikana moja nyingine. Zilizobaki mbili tukazipata kwa nyundo na tindo, mwenye nyumba amesimama pembeni anahesabu matofali yake kwa sauti.

Mwalimu alikaa juu ya begi akifuta machozi ya kicheko. "Fundi," akasema, "safari hii umekumbuka kilo, umesahau futi."

Walifika Kilwa Masoko siku ya tatu, wakavuka kwa mashua kwenda Kisiwani, wakarudi jioni wakalala garini karibu na ufuko. Usiku mama akanipigia. Akasema mawimbi yanasikika mpaka kitandani, mwalimu kashalala na kitabu usoni. Kisha akaniuliza kama kizingiti nimeshakijenga.