Fundi Ajibu: Tairi Kubwa na Ekseli ya Mbele

Swali: Nina Land Cruiser pikapu HZJ79. Siku za kazi hupeleka saruji na mabati Kinango, siku za mapumziko naingia nayo njia za mawe upande wa Shimba Hills. Imevaa 7.50R16. Jamaa aniuzia matairi ya 315/75R16. Fundi mmoja wa Changamwe asema ekseli ya mbele haitayahimili, mwenzake asema Land Cruiser haivunjiki. Nimfuate nani? *Msomaji, Likoni*

Jibu: Mfuate wa kwanza, ingawa sababu huenda hakukueleza.

Tuanze na vipimo. 7.50R16 ina kimo cha milimita 806 hivi. Kwa 315/75R16, chukua 315 (upana kwa milimita) mara 0.75 (ubavu ni asilimia 75 ya upana) upate 236, zidisha mara mbili, kisha ongeza 406 za rimu ya inchi 16. Jumla ni 879, karibu inchi 35. Umezidisha kimo kwa asilimia 9, na chini ya difu, lile kasha la gia katikati ya ekseli, umepata milimita 36 tu, maana ekseli hupanda nusu ya nyongeza.

Sasa nguvu. Injini yako ya 1HZ hutoa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa Nm 280 hivi. Ukiwa low (gia nzito za 4WD) na gia ya kwanza, gia zote pamoja na difu huuzidisha zaidi ya mara 40. Msokoto huo watosha kukata karibu kila chuma kilicho njiani. Kinachoiokoa ekseli ni tairi kuteleza: likishateleza, msokoto haupandi tena. Ndiyo maana gari lile lile hupita salama kwenye matope na kuvunjika kwenye jiwe kavu.

Tuseme gurudumu moja la mbele limebeba kilo 550 juu ya jiwe kavu. Kwa mshiko wa 0.8, tairi lako la sasa litateleza hafushafti, shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu, ikishafikia Nm 1,740 hivi. La 315 litasubiri hadi Nm 1,900 hivi. Hapo bado si hatari sana. Lakini gurudumu la pili likining'inia na ukafunga difu-loki, kifungio kinacholazimisha magurudumu mawili kuzunguka pamoja, hili moja laweza kubeba kilo 900, na msokoto unapita Nm 3,000. Ongeza usukani uliokatwa hadi mwisho na mguu unaopiga mafuta kwa pupa, na gharama umeshaipata.

Huvunjika nini? Kwa kawaida ni sivi, kile kiungo kinachozungusha gurudumu hata likiwa limekata kona. Ndani ya kikombe chake mna mipira sita ya chuma iliyoshikwa na keji. Usukani ukiwa umenyooka, mipira hugawana mzigo vizuri. Ukikatwa sana, mzigo humwagikia michache tu, keji hupasuka, au mdomo wa kikombe hufunguka. Dalili ya mapema ni mlio wa ka-ka-ka unapokata kona ukiwa kwenye 4WD. Baada ya sivi zamu ni ya frihwili, habu inayounganisha gurudumu na shafti, kisha meno ya pinioni, gia ndogo inayoendesha difu. Na hapo kuna jambo ambalo wauzaji wa vipuri hawalitaji: ukiweka shafti na sivi za kromoli (chuma cha aloi chenye nguvu zaidi), udhaifu hauishi bali unahamia kwa jirani. Sivi hubadilishwa kwa mchana mmoja chini ya mwembe. Difu ni kazi ya kupima nafasi ya meno na beringi, si ya kubahatisha. Heri kinachovunjika kwanza kiwe kile rahisi.

Jihadhari pia na kurudi nyuma. Difu ya mbele yenye pinioni ya juu imekatwa meno ili iwe na nguvu ikienda mbele. Ukikwama na kurudi kinyumenyume kwa nguvu, unalibebesha jino upande wake dhaifu.

Kwa kazi zako mbili, mwisho wetu ni 285/75R16. Kimo chake ni milimita 834, yaani asilimia 3.5 tu juu ya ulichonacho. Yataka rimu ya inchi 7.5 hadi 9; rimu nyembamba za 7.50R16 haziyafai. Na 315 yataka inchi 8 kwenda juu, kwa hiyo bei ya jamaa yako bado haijahesabu rimu, wala springi, wala uwiano mpya wa difu zote mbili. Breki nazo zitahisi: kwa mkanyago ule ule, nguvu ya kusimamisha inayofika chini hupungua kwa karibu asilimia 8, na tairi lenyewe ni zito zaidi kuzunguka. Ukiwa na saruji kitandani hilo si la kupuuza. Soma pia namba ya uwezo wa kubeba ubavuni: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi, 121 ni kilo 1,450. Tairi refu lenye namba ndogo si tairi la mzigo.

Kabla ya kununua chochote, fanya ukaguzi huu:

Inua gurudumu la mbele, shika juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi za habu. Ukibaki, ni beringi za kingipini, zile ambazo gurudumu hugeukia usukani unapokatwa.

Nati ya habu hufunguliwa kwa soketi ya milimita 54. Fundi akitoa patasi na nyundo, funga boneti uende kwingine. Nati iliyopigwa patasi haiwezi kukazwa kwa kipimo, na beringi iliyolegea chini ya tairi zito haidumu.

Kagua studi zinazoshika mkono wa usukani kwenye nako, kile kipande kinachogeuka pamoja na gurudumu. Matairi makubwa huzilegeza kidogo kidogo, hadi siku moja zinakatika kwa pamoja. Zikaze kwa spana ya kipimo, kisha uzirudie baada ya wiki chache.

Ukiona uji mweusi unachuruzika kwenye mpira wa chuma wa nako, sili ya ndani ya ekseli imekufa na oili ya difu imeyeyusha grisi. Badilisha sili, safisha kila kitu, ujaze grisi ya molibdeni hadi kama robo tatu ya nafasi iliyo ndani ya nako.

Na kama shida yako hasa ni mchanga, nunua geji ya upepo kwanza. Tairi lililoshushwa hadi psi 18, gari likiwa tupu na mwendo wa polepole, hupata alama ndefu ya kukanyaga ambayo inchi mbili za kimo hazikupi. Ukirudi kwenye lami, jaza kabla ya kukimbia.

Swali: Prado yangu KZJ95 imeinuliwa kwa spesa juu ya springi za mbele. Naweza kutoka 265/70R16 hadi 285/75R16? *Mama wawili, Nyali*

Jibu: Dada, kwa gari hilo hafushafti si wasiwasi wa kwanza. Wasiwasi ni bolijointi ya chini, kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika nako kwenye mkono wa chini. Muundo wake hufanya uzito wa gari uivute itoke kwenye kikombe, badala ya kuibana ndani. Ikichoka, pini huchomoka na gurudumu hulala chini ya matigadi, mara nyingi unapokata kona polepole. Inua gari, ingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini na nako, uusukume juu. Ukiona mchezo wowote, badilisha pande zote mbili, kwa kipuri halisi, na ubadilishe pia bolti zake nne. Hapa usibanie pesa.

Pili, kuinua gari kumezikunja sivi hata ukiwa umenyoosha usukani. Zaidi ya milimita 50 buti za raba hupasuka upesi, na mchanga wa pwani ukiingia humo ni msasa. Geji yako ya mwendo nayo itadanganya: ikisoma 80, utakuwa kwenye 86. Shauri letu ni 265/75R16, milimita 804. Kwa matumizi ya Nyali na safari ya Tsavo hutahitaji zaidi.

Na spea lazima iwe kimo kile kile. Prado hilo huendesha magurudumu manne wakati wote. Tairi moja fupi hufanya difu ya kati isipumzike hata kwenye lami.

Swali: Jimny yangu ya zamani, baada ya springi za inchi mbili na matairi ya 235/75R15, usukani hutetemeka vibaya nikifika 70. Nimeambiwa niweke dampa nzito ya usukani. *Kijana wa Bamburi*

Jibu: Dampa, kifaa cha kutuliza mtikisiko, itaficha ugonjwa mpaka ukomae. Umetoka milimita 668 hadi 733, karibu asilimia 10, na springi zimepunguza kasta, ile pembe inayolirudisha gurudumu lenyewe kwenye mstari. Fuata mpangilio huu: balansi ya matairi, kisha beringi za kingipini, kisha bushi za fimbo ya Panhard (inayozuia ekseli kuyumba kando) na za mikono ya ekseli, kisha tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele). Vyote vikiwa vizima, weka bushi maalumu za kurekebisha kasta. Dampa mpya iwe ya mwisho, na ya kawaida yatosha.

Swali: Spesa za magurudumu za milimita 30 zina ubaya gani? *Msomaji, Mariakani*

Jibu: Zinausogeza mzigo nje kwa milimita 30, mbali na beringi na kingipini, nazo hulipa kwa kila shimo. Usukani pia utakurushia kila jiwe mkononi. Rimu pana yenye ofseti hasi, yaani inayolitoa gurudumu nje, hufanya vivyo hivyo, hata kama haina spesa. Ikiwa tairi lagusa mkono wa springi na huna njia nyingine, chukua spesa zinazokalia kitovu cha habu, zenye studi zake zenyewe, uzikaze upya baada ya kilomita 100.