Anti, tuliangalia muvi moja na sasa mzee wangu haniongeleshi

Barua ya leo imetoka Lanet, Nakuru. Nimeipunguza kidogo juu ilikua ndefu, lakini maneno ni ya mwenyewe.

"Anti habari yako. Mimi na mzee wangu tuko miaka 9 kwa ndoa, watoto wawili. Kila Ijumaa watoto wakishalala tunaangalia muvi hapo sebuleni, hiyo ni kitu yetu tangu tuanze maisha. Shida ni muvi ikiisha. Mimi napenda kuiongelea, nani alikosea, nani angefanya aje, mwisho ulikua mzuri ama mbaya. Yeye nikimuuliza imekuaje anasema tu iko sawa, anachukua vikombe anapeleka jikoni. Saa zingine naisimamisha katikati nimuulize na anakasirika. Sasa Ijumaa ya juzi tuliangalia Supa Modo, ile ya mtoto mgonjwa kijiji kinamwigizia ako na nguvu za ajabu, nililia mpaka leso ikaloa, nikamwambia hao watu wa kijiji walimwonyesha huyo mtoto upendo wa kweli. Anti, huyu mtu aliwaka! Akasema upendo gani, walimdanganya mtoto, akasema watu wazima wakishindwa kusema ukweli ndio wanaita uongo upendo. Nikamwambia hajui kuangalia muvi za maana, arudie tu zake za kupigana. Akaenda kulala. Kesho yake nikaambia wamama wa chama tukacheka, mmoja akaambia bwanake, na ikamfikia. Tangu hiyo siku anaangalia muvi zake kwa simu, ameweka waya kwa masikio, hata salamu ni ya kuvutwa. Labda niseme pia mamake alikufa yeye akiwa na miaka 10, aliambiwa ameenda Nairobi kupumzika, akajua siku aliona viti vya plastiki vinashushwa kwa pikapu. Lakini hiyo ni kitambo. Anti, kwani muvi inaweza vunja ndoa? Na huyu mtu nimfanye aje ndio aongee? Mama wa Ijumaa."

Mama wa Ijumaa mwanangu, asante kwa kuandika. Nitaanza pale ulimalizia, juu barua yako iko hapo. Umeandika karibu kurasa mbili za vikombe na rimoti na chama, halafu ukifika mwisho ukaweka hivyo viti vya plastiki kwa mstari mmoja, ukasema hiyo ni kitambo. Mimi hapo niliweka simu chini kwanza. Nikaona kijana wa miaka 10 amesimama karibu na geti, pikapu inaingia kinyumenyume, watu wanashusha viti vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine, na hakuna mtu anamwambia kitu. Yaani viti ndio vilimwambia. Watu wazima wote wa hiyo boma walikua wanajua, wa kusalimia, wa kupika, wa kushika simu, ni yeye peke yake alikua bado anangojea mamake arudi kutoka Nairobi. Sasa huyo kijana ni mwanaume mzima, amekaa kwa kochi lake Ijumaa usiku na chai mkononi, na kwa tivi kuna kijiji kizima kinajua kitu kuhusu mtoto na kinaigiza mbele yake. Wewe uliona upendo. Yeye aliona pikapu.

Na hiyo muvi naijua vizuri. Ni ya 2018, ni yetu ya Kenya, aliyeiongoza ni Likarion Wainaina, na ndio Kenya ilichagua kupeleka Oscars mwaka huo. Jo ni msichana wa miaka 9 mwenye ugonjwa ambao hatapona, anapenda sana wale mashujaa wa sinema wenye nguvu za ajabu, mamake anamtoa hospitali anamrudisha nyumbani, halafu dadake Mwix anamfanya aamini ako na hizo nguvu, na kijiji chote kinaingia kwa huo mchezo, hadi wanaishia kutengeneza muvi naye. Ni dakika 74 tu na mimi ilinikaa kwa roho wiki mzima. Lakini sasa rudi kumbuka kitu kimoja, mama na Mwix hawakua wanasikizana. Mama anataka mtoto atulie kwa nyumba, alindwe, hizo siku zake zimalizike akiwa salama, Mwix anaona hizo siku ni chache sana kumfungia ndani na ni afadhali aishi. Wote wanampenda Jo na wote wanaumia. So huo ugomvi wenu wa Lanet uko ndani ya muvi yenyewe, haukuanzia kwa kochi lenu. Ndio maana nasema pale ulimwambia hajui kuangalia muvi za maana ulimkosea, nakuambia nikikupenda. Huyo aliiangalia hadi ikamchoma.

Mimi ukiniuliza niko upande gani, niko na wewe. Naona alichofanyiwa Jo na alichofanyiwa mzee wako ni vitu viwili tofauti kabisa, Jo alipewa kitu alichokua anakiota, na watu walikua karibu naye, wanamwangalia usoni, wanacheka naye. Mzee wako alinyimwa. Hakuna mtu alimwambia twende ukamwone mama, hakuaga, na mpaka leo labda bado anahesabu zile siku alikua anacheza nje na mamake ameshaenda. Watu wetu walikua wanafanya hivyo na wengine bado wanafanya, wanasema mtoto asiambiwe atasumbuka, na mimi huwa inaniuma sana nikiona mtoto anapitishwa kwa matanga kama mgeni. Lakini hii tofauti nimekuambia wewe, usiende kumwelezea yeye. Ukimwelezea saa hii atasikia tu ati umerudi kushinda ile mjadala.

Sasa hiyo ya chama. Umeuliza kama muvi inaweza vunja ndoa, muvi haijavunja kitu hapo kwenu, huyu mtu alirusha neno moja la ukweli kwa miaka 9 ya "iko sawa", na kesho yake likachekwa na wanawake ambao hata hakukua amekaa nao. Hebu fikiria vile alilipata, kwa mdomo wa mwanaume mwenzake, pengine kwa stage ama akinyolewa. Hiyo ndio imemweka kwa hizo waya za masikio. Kwa hivyo anza hapo, na uanze leo. Mwambie, "Ile maneno ulisema kuhusu muvi niliipeleka kwa chama na tukaicheka, nilikosea, haitarudiwa." Halafu unyamaze. Usiweke "lakini na wewe ulinipigia kelele." Alikupigia kelele, ni kweli, na hiyo mtaiongelea siku ingine, usiifunge pamoja na hii. Na wale wamama pia waambie kwa mkutano ujao uliteleza, hata kama utaona haya, ndio asipatane na mmoja wao kwa njia akaona bado anamchekea.

Kumfanya aongee, hapo mwanangu nikuombe uache hiyo neno kumfanya. "Imekuaje?" ni swali la mwalimu, mtu anasikia kama kuna jibu unangojea na akikosa atapigwa alama. Na hiyo ya kusimamisha muvi katikati wacha kabisa, hata mimi ningekasirika.

Wacha nikuambie ya kwangu. Tuliangalia Queen of Katwe hapa kwetu Kisumu, ile ya 2016 ya yule msichana wa Uganda wa kucheza chesi, Phiona Mutesi, na Lupita Nyong'o ndio mamake. Unajua Lupita huku ni mtoto wa nyumbani, so siku hiyo nyumba ilijaa, mashemeji, watoto wa jirani, kila mtu na maoni yake na wote wanaongea pamoja. Mzee wangu hakusema neno. Nilimuuliza usiku, akasema ni nzuri, akageukia ukuta. Nikakasirika kama wewe. Siku ya tatu hivi niko jikoni nakaanga omena, yeye amekaa kwa mlango anapigilia stuli msumari, akasema bila kuniangalia, "Mama alikua anabeba omena kwa kichwa hadi soko ya Kibuye, kama wale na mahindi yao." Mwanangu, nilitaka kugeuka nimuulize maswali mia moja, juu hiyo miaka yote sikua nimewahi sikia mamake alikua anatembea hadi Kibuye, mimi nilikua namjua ni mama wa duka. Sikugeuka. Nilisema tu "ehe," nikaendelea kugeuza omena. Akaongea juu ya vile walikua wanamngojea jioni, vile alikua akifika wanamsaidia kushusha karai na shingo yake imekauka hawezi kuigeuza, akaongea hadi omena zikaungua na tukazikula hivyo hivyo.

Nataka uone hiyo ya mlango na nyundo. Wanaume wengi wa rika la baba zenu na hata la mzee wako hawaongei ukiwakalia mbele ukiwaangalia macho, wanaongea mikono ikiwa na kazi na mtu ako kando. Na mzee wako tayari amekuonyesha pale anaendaga. Umesema kila muvi ikiisha anachukua vikombe. Umekua unaona ni kukukimbia, na mimi nafikiria labda anatoka kabla sauti yake ibadilike mbele yako. Basi siku mtaangalia tena, beba sahani umfuate, yeye aoshe wewe upanguse, na usiulize kitu. Kama lazima useme, sema yako ndogo, kitu moja tu ulichoona, "ile pahali mama alimfungia ndani sijui mimi ningefanya aje," halafu endelea kupangusa. Akijibu sawa, asipojibu vikombe vimeoshwa.

Na ile alisema, ya watu wazima na uongo, siku ingine baada ya kuomba msamaha, hata iwe wiki mbili, mwambie tu umeifikiria. "Nimefikiria vile ulisema, sikua nimeiona hivyo." Hiyo ni ukweli ama? Hukua umeiona hivyo. Utakua hujamwambia ameshinda na hujamwambia ameshindwa.

Hizo zake za kupigana pia zipe heshima yake. Ijumaa yenu ya kwanza mkirudi kwa kochi wacha yeye achague, hata ikiwa ni zile DJ Afro ametangaza kwa Kiswahili, kaa nayo hadi mwisho, simu iwe mbali. Angalia pahali anacheka na pahali anaegemea mbele. Mtu akipiga kelele kwa tivi "usiingie huko, wako nyuma ya mlango!" hayo pia ni maoni, na utamjua mzee wako kwa hayo kuliko vile ungemjua kwa kumuuliza mwisho ulikua mzuri ama mbaya. Kama umezoea kuongea sana ukitoka kwa muvi, na hiyo si makosa, ni zawadi yako, pigia dadako ama mwenzako mmoja anayependa muvi kama wewe, muongelee wahusika mpaka usiku wa manane, ili usimwekee mzee huo mzigo wote. Lakini muongelee wahusika wa muvi, msiongelee wa nyumba yako.

Akianza kuongea juu ya mamake na ikawa nzito kuwashinda, usingizi unampotea ama chakula hakiliki, hapo tafuteni mshauri, Nakuru wako, na si aibu.

Na hivyo viti, usivitaje wewe. Viweke tu hapo kwa roho yako, upanguse sahani, ungoje avitaje yeye.