Maswali ya Wasomaji: Maiti Ndani ya Mtungi wa Naitrojeni

Habari yetu fupi kuhusu watu wanaolipa ili wakifa wagandishwe, wakitumaini kufufuliwa siku moja, imetuletea barua nyingi, karibu zote za kubisha. Tumejibu tano.

Mhariri, jirani yangu ameona kwenye simu kwamba Wazungu wameshaanza kufufuana. Yupo aliyeamka, au ni utapeli mtupu? — Msomaji, Tanga

Hayupo. James Bedford, profesa wa saikolojia wa California aliyegandishwa tarehe 12 Januari 1967, bado amelala ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika huko Arizona. Wala si binadamu tu: hakuna mamalia yeyote, hata panya, aliyeshushwa mzima hadi nyuzijoto 196 chini ya sifuri, baridi ya naitrojeni hiyo, kisha akarudi akiwa hai. Kuhusu utapeli, soma mikataba yao. Mashirika makubwa hayaahidi ufufuo. Wanachouza ni hifadhi, na mteja ndiye anayejiongezea matumaini. Jirani yako amuulize aliyerusha hiyo video jina la aliyefufuka.

Mimi ni mtaalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe. Kila siku natoa mirija ya mbegu kwenye naitrojeni, naiyeyusha, na ndama wanazaliwa. Kama mbegu inarudi, binadamu anashindwaje? — Msomaji, Njombe

Hili ndilo swali zuri kuliko yote tuliyopokea, na jibu lake liko kwenye mrija wenyewe. Mrija wa mililita 0.25 ni mwembamba kama njiti ya kiberiti. Ukiutia kwenye maji ya nyuzijoto 35 hadi 37, joto linafika katikati papo hapo. Gliseroli, ambayo Waingereza waligundua mwaka 1949 kuwa inalinda mbegu, imekwishaingia kila mahali. Na bado ukichungulia kwenye hadubini, karibu nusu ya mbegu hazitembei tena. Hilo halikukoseshi usingizi, kwa sababu mrija una mamilioni na yai linahitaji moja. Ubongo hauna akiba ya namna hiyo. Kumbukumbu za mtu zimo kwenye maungio kati ya seli na seli, kwa hiyo hata seli ikibaki nzima, ikikatika na mwenzake kitu kimepotea.

Halafu kuna barafu. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, kama anavyojua yeyote aliyesahau chupa kwenye friza. Lakini kutanuka si muuaji mkuu. Barafu huanzia nje ya seli na kujichukulia maji matupu, chumvi inabaki nyuma na kuzidi ukali, seli inanyonywa maji mpaka inasinyaa. Kuikwepa, wataalamu hujaza mishipa dawa nyingi kiasi kwamba maji hayagandi kabisa. Yanazidi kuwa mazito mpaka yanasimama kama kioo, kwenye nyuzijoto 120 na ushei chini ya sifuri. Moja ya dawa hizo ni ethilini glaikoli, ile ile iliyomo kwenye kulanti ya rejeta. Dozi inayotosha kuzuia barafu ni dozi ya sumu, ndiyo maana huiingiza mwili ukiwa baridi ili sumu ifanye kazi taratibu.

Kurudi ndiko kugumu zaidi. Kupasha moto kunahitaji kasi kubwa kuliko kupoza, la sivyo barafu uliyoikwepa wakati wa kushuka itakukuta wakati wa kupanda. Kitu kikubwa hupata joto kuanzia nje. Weka bonge la nyama ya friza juani: nje limeanza kunuka, ndani bado jiwe. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walifika mbali kidogo. Waligeuza figo za panya kuwa kioo, wakazihifadhi hadi siku 100, kisha wakazipasha kwa vumbi laini mno la oksidi ya chuma walilokuwa wameliingiza kwenye mishipa, wakitumia sumaku ya umeme. Panya 5 waliopandikizwa figo hizo waliishi kwa kuzitegemea siku 30, muda wote wa jaribio. Ni kazi ya kweli, tunaiheshimu. Ila figo ya panya ni kama gramu moja, na ubongo wa mtu ni kilo 1.3 au zaidi.

Nasomea uuguzi. Wanafanyaje hasa, na wanaharibu wapi? — Msomaji, Morogoro

Kwanza daktari atangaze kifo, maana kabla ya hapo sheria haiwaruhusu kugusa. Mara tu akitangaza, mwili unalazwa kwenye beseni la maji ya barafu na mashine inabonyeza kifua. Lengo si kumhuisha, ni kuzungusha damu ili baridi na dawa vifike. Huingizwa heparini isije damu ikaganda, na propofoli ili fahamu zisirudi kwa ajili ya huo mzunguko. Kisha damu inatolewa na nafasi yake inachukuliwa na maji ya kuhifadhia viungo vya kupandikiza. Baadaye dawa ya kuzuia barafu inapitishwa kwenye mishipa kwa saa kadhaa, ukali ukipandishwa hatua kwa hatua. Mafuvu hutobolewa matundu madogo ili waone ubongo unavyosinyaa, dalili kwamba dawa inaingia. Mwisho mwili hupozwa haraka kwa gesi ya naitrojeni hadi karibu na hali ya kioo, halafu pole pole, kwa siku nyingi, hadi 196 chini ya sifuri.

Uharibifu mkubwa hutokea mwanzo kabisa. Timu ikichelewa, damu imeganda na mishipa midogo imeziba. Sehemu ambayo dawa haikufika inakuwa barafu tupu, na picha za CT, eksirei za tabaka kwa tabaka, huionyesha. Tatizo la pili ni nyufa: chini ya hali ya kioo, nje hujikunja kabla ya ndani, na tishu inapasuka kama glasi ya moto iliyomwagiwa maji baridi. Wana vifaa vya kusikilizia mipasuko hiyo.

Mwenzangu kazini amejiandikisha, analipia kwa bima ya maisha. Nimwambie achunge nini? Na mtu akifia Dar inawezekana? — Msomaji, Minneapolis

Bei isimdanganye. Cryonics Institute ya Michigan imekuwa ikitoza dola 28,000, Alcor ya Arizona zaidi ya dola 200,000 kwa mwili mzima. Hiyo ya kwanza haina ndani yake timu ya kusubiri kando ya kitanda cha mgonjwa wala usafiri. Amuulize muuzaji: katika kila dola, ni senti ngapi zinaingia kwenye mfuko wa matunzo, na je, mfuko huo unaweza kuguswa kulipa mishahara? Bima ikikatika akiwa mzee, itakuwaje?

Maswali hayo yana sababu. Huko Chatsworth, California, maiti 9 zilizowekwa kwenye chumba cha chini ya ardhi makaburini zilioza miaka ya 1970, baada ya fedha kukatika na naitrojeni kutoongezwa. Ufaransa, daktari Raymond Martinot alimgandisha mkewe mwaka 1984, naye akafuata mwaka 2002. Wao walitegemea mashine ya umeme, si naitrojeni. Mwaka 2006 ilikutwa imeharibika, na mtoto wao akaamua wachomwe.

Ndugu nao wajue mapema. Mwaka 2016 mahakama ya London ililazimika kuamua ugomvi wa wazazi wa msichana wa miaka 14 aliyekuwa akifa kwa saratani na kutaka kugandishwa. Jaji alimpa mama peke yake uamuzi juu ya mwili, bila kusema kama jambo lenyewe lina maana.

Kutoka Dar, karatasi zinawezekana, lakini tungemshauri asitupe fedha zake. Hakuna timu ya kusubiri. Mpaka kibali na ndege vipatikane, mwili umelala mochwari siku kadhaa kwenye nyuzijoto chache juu ya sifuri, huenda umeshatiwa formalini, dawa ya kuzuia maiti isioze. Kifo kikiwa cha ghafla, polisi wanaweza kutaka uchunguzi, na fuvu likafunguliwa. Kitakachofika Michigan kitagandishwa, ndiyo, bila dawa kupita mishipani.

Kwa nini wanawaning'iniza kichwa chini? — Msomaji, Mombasa

Mtungi hauna umeme. Ni chupa ya chai kubwa ya chuma, na naitrojeni yake hupungua kidogo kila siku, kwa hiyo lazima iongezwe. Wahudumu wakichelewa, kimiminika hushuka kutoka juu. Miguu ndiyo itakayoanza kupata joto, kichwa kikiwa bado kimezama.