Kampuni Ikianza Kubadili Muundo: Niliyojifunza Nikiwa Stoo

Wadogo zangu mnaoanza kazi, barua ya muundo mpya huwa inafika mwisho kabisa. Kwetu mambo yalianza kwa kukatika maziwa ya chai. Wiki mbili baadaye wakaja vijana wawili wenye vitambulisho vya wageni, wanapita meza hadi meza na kompyuta zao, wanauliza kwa upole: "Siku yako ya kazi inaanzaje?" Mimi nilikuwa msimamizi wa stoo kwenye kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa, Dar es Salaam, mwaka wangu wa tano. Nikawajibu kwamba siku hizi inaanza kwa chai ya rangi. Wakacheka, wakaandika.

Kisha ikaja fomu. Andika majukumu yako, muda unaotumia kwa kila moja, na nani anaitegemea kazi yako. Niliijaza kwa dakika kumi, nimeegemea maboksi ya sabuni: "Kupokea mzigo, kutoa mzigo, kutunza kumbukumbu." Basi. Mama mmoja wa upande wa ankara, tuliyezoea kumwita Dada Mkubwa, alikaa na yake siku mbili. Aliandika mpaka nyuma ya karatasi: madereva wangapi wanasubiri hati zake kabla ya saa mbili asubuhi, makosa ya bei anayoyanasa kila wiki, wateja wa Morogoro wanaompigia yeye badala ya watu wa mauzo. Nikamtania kwamba anaandika wasifu wa marehemu. Chati ya muundo mpya ilipotoka, kisanduku cha msimamizi wa stoo hakikuwepo. Kazi yangu ilikuwa imemezwa na usafirishaji.

Sidai kwamba fomu ndiyo iliyonitoa. Maghala mawili yalikuwa yanafungwa, na watu walikuwa lazima wapungue. Lakini anayechora chati hakujui. Hajui kwamba mwisho wa mwezi ulikuwa unakesha ukihesabu mali na tochi mdomoni. Anachokijua ni ulichomwandikia, kwa hiyo fomu hiyo ikikufikia, iombee siku mbili na uijaze nyumbani.

Jingine ambalo wengi hatukulijua: mwajiri haruhusiwi kukurupuka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya Tanzania Bara (Zanzibar wana yao), inamtaka atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe kabla ya kuamua. Mashauriano hayo yanagusa njia za kupunguza idadi ya watakaoondoka, vigezo vya kuwachagua, na malipo yao. Sisi tuliitwa mkutanoni, tukakaa kimya kama wanafunzi, tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukaenda kunong'ona kwenye kibanda cha mama ntilie. Swali la vigezo halikuulizwa na mtu. Ulizeni, tena muombe liandikwe kwenye muhtasari.

Halafu kuna mtego wa "ondoka kwa heshima". Kijana mmoja wa mauzo aliambiwa pembeni kwamba akiandika barua ya kuacha kazi mwenyewe, jina lake litabaki safi. Akaandika. Wenzake waliopunguzwa walilipwa kiinua mgongo na wakaenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kufuatilia fao la kukosa ajira. Yeye fao hilo hakulipata, kwa sababu halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari. Kampuni ikikupunguza, barua yako iseme umepunguzwa. Hakuna aibu ndani yake, na mwajiri mwingine akiuliza, utamjibu kampuni ilibadili muundo.

Kuhusu kiinua mgongo, usikiwekee matumaini ya kujenga nyumba. Kiwango cha chini cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kisichozidi miaka 10. Mshahara wa msingi, posho hazimo. Uliyefanya miaka 4 na miezi 11 kama mimi, unahesabiwa 4. Juu yake kuna notisi, ambayo kwa wanaolipwa kwa mwezi haipungui siku 28, na likizo ambayo hukuitumia. Na jambo hili liliwakuta wawili kwetu: ukipewa nafasi nyingine ukaikataa bila sababu ya msingi, unaweza kukikosa hicho kiinua mgongo. Kabla ya kusema "Mwanza siendi", andika kwa nini huendi.

Ukiona mchakato haukuwa wa haki, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, inapokea malalamiko ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Siku hizo zinakwisha wakati bado unapewa pole na majirani, kwa hiyo anza kuhesabu tangu ulipoachishwa.

Mengine ni ya haraka. Hakikisha michango yako ya NSSF imefika huko, usiamini slipu ya mshahara peke yake. Usichukue mkopo wa kukatwa mshahara msimu huo, hata kama afisa mikopo amekuja na kalamu za zawadi. Hati zako za tathmini na barua ya ajira ziwe na nakala nyumbani, maana kompyuta ya ofisi hufungwa kabla hujaaga. Siri za kampuni ziache hukohuko. Na usiondoke bila cheti cha utumishi. Ni haki yako.

Mkibaki, msijidhani mmeshinda. Dada Mkubwa alibaki. Wiki ya tatu akanipigia saa moja na nusu jioni, bado yuko ofisini, anauliza faili la mizigo iliyoharibika liko wapi. Nikamwelekeza: kabati la chuma, droo ya chini, nyuma ya vitabu vya zamani. Kesho yake akapiga tena, safari hii ni namba za mizani. Usafirishaji walikuwa wamemrushia nusu ya kazi yangu kwa mdomo tu. Nilimwambia asiguse kitu kingine mpaka apewe barua ya majukumu mapya.

Aliipata mwezi wa nne tangu mabadiliko, baada ya kuiomba mara tatu, zote kwa barua pepe. Posho ya kukaimu ikaanza mwezi huohuo. Ya miezi mitatu ya nyuma hakupewa.