Kichwa kizito baada ya mbio: tatizo ni kasi au muda?

SWALI: Nina miaka 30. Kila alfajiri nakimbia saa moja na nusu, na mwishoni naenda kasi yote. Nikikaa kazini nasoma mstari mmoja mara tatu bila kuuelewa. Mwenzangu anatembea haraka dakika 25 tu, naye anasema akili inamfunguka. Nakosea wapi?

JIBU: Mbio zako hazina kosa, ila umeziweka mahali pabaya.

Mazoezi ya wastani ya dakika 20 hadi 30 huongeza noradrenalini na dopamini, kemikali za ubongo zinazoamsha umakini, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopanga na kuzuia papara, hufanya kazi vizuri kemikali hizo zikiwa za kiasi. Zikizidi, huyumba. "Wastani" maana yake unaweza kuongea sentensi nzima lakini kuimba kunakushinda. Kwa umri wako ni kama mapigo ya moyo 122 hadi 144 kwa dakika.

Faida huonekana zaidi kwenye umakini kuliko kwenye kumbukumbu. Kuna jaribio la Stroop, la mwaka 1935: neno KIJANI limeandikwa kwa wino mwekundu, nawe unatakiwa kutaja rangi ya wino. Mdomo unataka kusema "kijani". Aliyetoka kwenye mazoezi ya wastani huuzuia upesi kidogo. Nasema kidogo, kwa sababu wauza vidonge na saa za mazoezi hulikuza mno jambo hili.

Kasi ya mwisho peke yake isingekuharibia asubuhi. Ukipumzika kidogo, kichwa hurudi. Hata laktati, kemikali ambayo misuli hutoa ukikimbia kasi na ambayo hulaumiwa bure kwa uchovu, ubongo huitumia kama nishati. Kinachokumaliza ni kasi hiyo kuja juu ya zaidi ya saa nzima ya jasho, sukari ya mwili ikiwa imepungua. Jipime uzito kabla na baada ya kukimbia. Kama una kilo 70 na umepoteza kilo 1.4, karibu zote maji ya jasho, hiyo ni asilimia 2, kiwango ambacho umakini huanza kuteleza.

Siku za kazi kimbia nusu saa, kunywa maji, kaa kazini baada ya dakika 15 hivi. Mbio ndefu ziwe jioni au siku ya mapumziko.

Hukuniambia unalala saa ngapi. Kama unaingia kitandani saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri, anza na hilo kabla ya kugusa viatu.