Fundi Anajibu: Kosa namba 1722 na kumbukumbu za kompyuta ya mhasibu

SWALI: Shikamoo dada. Nahudumia kompyuta za shule ya sekondari hapa Morogoro. Kompyuta ya mhasibu inajizima yenyewe, hasa mchana, na mwenyewe hapendi niikalie wakati ana kazi. Nikaona nisome kumbukumbu za mfumo wake (orodha ya matukio ambayo Windows hujiandikia) nikiwa ofisini kwangu, kwa kutumia Event Viewer, programu ya Windows ya kuzisomea. Nimeandika jina la kompyuta yake, ikasubiri kidogo, kisha ikaleta "The RPC server is unavailable (1722)". Nikaipigia ping (amri ya kuuliza kama kompyuta ipo mtandaoni), kimya. Rafiki yangu akanishauri nizime fayawoli (ukuta wa ulinzi unaozuia wanaobisha kupitia mtandao) kule kwa mhasibu. Nilipoizima ujumbe ukabadilika, sasa inasema "Access is denied (5)". Kompyuta zote mbili ni Windows 11, zipo kwenye rauta moja, na hatuna domeni (seva moja inayosimamia akaunti za kompyuta zote). Nifanyeje? (Fundi wa shule, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kaiwashe hiyo fayawoli. Kompyuta hiyo ina hesabu za ada na mishahara, na ipo mtandao mmoja na mashine ambazo flashi za kila mtu zinachomekwa. Agosti 2003 kirusi cha Blaster kilienea duniani kupitia poti (mlango wa mtandao wenye namba) 135, ile ile ambayo Event Viewer inaanzia kubisha, na hakikuhitaji mtu abonyeze chochote. Wakati huo fayawoli ya Windows XP ilikuwepo lakini ilikuja ikiwa imezimwa. Microsoft waliiwasha kwa watumiaji wote mwaka uliofuata, kwa Service Pack 2. Ushauri wa "zima fayawoli" nausikia kila wiki, na unaniudhi, kwa sababu anayeutoa huondoka na fayawoli hubaki imezimwa.

Hata hivyo jaribio lako limetufunulia jambo. Namba 1722 inakwambia hujafika. Namba 5 inakwambia umefika, ila hawakutambui. Ni matatizo mawili, na la pili lilikuwepo tangu mwanzo, limefichwa na la kwanza.

Tuanze na kufika. Event Viewer hubisha poti 135, kisha huko huelekezwa kwenye poti nyingine yoyote kati ya 49152 na 65535, na kumbukumbu hupita hapo. Ndiyo maana mtu akifungua 135 peke yake bado anapata 1722 na kuchanganyikiwa. Usijitungie sheria yako, Windows inayo tayari. Kwenye kompyuta ya mhasibu fungua Windows Security, nenda kwenye fayawoli, bonyeza "Allow an app through firewall", halafu "Change settings". Shuka kwenye orodha mpaka "Remote Event Log Management". Utaona visanduku viwili, Private (mtandao unaouamini) na Public (mtandao wa hadharani). Tia tiki cha Private tu.

Sasa hakikisha kwamba mtandao wenyewe kweli umeandikwa Private kwenye kompyuta hiyo. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Shule ikibadilisha rauta, Windows huuona mtandao kuwa mgeni na mara nyingi huuweka Public, na ile tiki yako inakosa kazi. Mtu akiniambia "juzi ilikubali, leo inakataa", jambo la kwanza namuuliza kama rauta imebadilishwa.

Kuhusu ping, usiiamini sana. Windows yenyewe kwa kawaida haijibu ping fayawoli ikiwa imewashwa, kwa hiyo ukimya si ushahidi kwamba kompyuta imezimika. Angalia mstari wa kwanza wa ping, pale inapotaja anwani ya IP. Ilinganishe na inayoonekana kwa mhasibu ukiandika ipconfig. Zikitofautiana, jina linakupeleka kwenye anwani ya zamani, basi andika ipconfig /flushdns kwenye yako ujaribu tena. Kipimo cha uhakika zaidi ni hiki, kwenye PowerShell:

Test-NetConnection MHASIBU-PC -Port 135

(MHASIBU-PC weka jina halisi.) TcpTestSucceeded ikiwa True, mlango wa kwanza uko wazi. Ikiwa False, rudi kwenye tiki, kwenye Private, na pia kaangalie kama mashine haijalala. Kompyuta iliyolala nayo hutoa 1722.

Tuje kwenye namba 5. Usipotaja akaunti nyingine, Event Viewer hubisha kwa jina unalotumia kwenye kompyuta yako, na kompyuta ya mhasibu haina habari na jina hilo. Hata ukitumia akaunti ya kule yenye haki za msimamizi, Windows huipunguzia haki hizo inapoingia kwa njia ya mtandao. Mtandaoni utakuta watu wanakwambia ubadilishe LocalAccountTokenFilterPolicy kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) ili upunguzaji huo uondoke. Nakuomba usifanye hivyo. Shule nyingi zina nywila moja ya msimamizi kwa mashine zote, na ikiibiwa moja, mwizi amepata zote.

Unachohitaji ni mtu wa kusoma tu. Kwa mhasibu, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

net user mkaguzi * /add
net localgroup "Event Log Readers" mkaguzi /add

Amri ya kwanza itakuuliza nywila. Weka nywila kweli, maana Windows haikubali akaunti isiyo na nywila iingie kupitia mtandao. Kundi la Event Log Readers lipo kwa kazi hii hasa, anaona kumbukumbu na si kingine cha usimamizi. Rudi kwako, bonyeza kulia "Event Viewer (Local)", chagua "Connect to Another Computer", andika jina la kompyuta, weka tiki kwenye "Connect as another user", na jina la mtumiaji liandike MHASIBU-PC\mkaguzi. Ukiandika mkaguzi peke yake inaweza kumtafuta kwenye mashine yako, na namba 5 ikarudi.

Ukishaingia, nenda Windows Logs, kisha System, chuja namba 41, 6008 na 1074. Namba 41 na 6008 zinakwambia kompyuta ilizimika bila kufuata utaratibu. Namba 1074 ni mtu au programu iliyoagiza kuzima, na jina lake limeandikwa. Ukikuta 41 bila 1074 kabla yake, fungua Details usome BugcheckCode (namba ya kosa lililoiangusha Windows) na PowerButtonTimestamp (muda kitufe cha kuwasha kilipobonyezwa). Zote zikiwa 0, kompyuta ilikatikiwa umeme au iliganda. Hapo mimi ningeshika waya wa umeme, UPS na power supply kabla ya kugusa Windows. Usikawie lakini: kumbukumbu ya System kwa kawaida ina nafasi ya MB 20, ikijaa za zamani hufutwa kupisha mpya.

Na kama siku moja utataka kusoma ukiwa nyumbani, usifungue poti 135 kwenye rauta kuelekea intaneti, hata kwa saa moja. Weka VPN kwanza, yaani njia iliyofichwa ya kuingia kwenye mtandao wa shule.

SWALI: Salaam aleikum dada. Nina seva ya Ubuntu, naiangalia kwa ssh (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) na journalctl -f (amri inayoonyesha kumbukumbu zinapoandikwa). Nikiacha dirisha wazi bila kitu kipya kutokea, baada ya muda linaganda, lazima nifunge nianze upya. Pia naona kumbukumbu zangu tu, za mfumo hazionekani. (Mfanyabiashara, Mombasa)

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Muunganisho ukikaa kimya, rauta iliyo katikati huusahau. Kwenye kompyuta yako, ndani ya ~/.ssh/config, andika Host * na chini yake ServerAliveInterval 30, ssh itakuwa ikituma ishara ndogo kila sekunde 30. Kuhusu la pili, kwenye seva jiongeze kwenye kundi la adm, lenye ruhusa ya kusoma kumbukumbu za mfumo, kwa sudo usermod -aG adm ikifuatiwa na jina lako, kisha toka uingie tena, vinginevyo hutaona tofauti. Ukiwa huko, tazama kama folda /var/log/journal ipo. Isipokuwepo, kumbukumbu zinakaa kwenye RAM na seva ikijiwasha upya zinapotea zote, pamoja na zile za dakika ilipoanguka. Ikiwa haipo, itengeneze leo, halafu anzisha upya systemd-journald.