Mwanangu Ana Kigugumizi: Nimsaidieje?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 4. Kwa miezi 8 sasa hukwama mwanzoni mwa neno, "ma-ma-maji", huku akifumba macho na kukaza midomo. Baba yake humwambia avute pumzi na aanze upya. Je, tulimkosea mahali?

JIBU: Mama mpendwa, hamkumkosea. Kigugumizi kwa kawaida huanza kati ya miaka 2 na 5, huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Hakiletwi na malezi mabaya wala na upungufu wa akili.

Ushauri wa baba yake, ingawa unatokana na upendo, humfunza mtoto kwamba namna anavyosema ni kosa, naye huzidi kujikaza. Neno linapokwama, mtazame kwa utulivu, usimmalizie, ngoja mpaka afike mwisho, kisha ujibu lile alilolisema: akiomba maji, mpe maji. Punguza kasi ya usemi wako mwenyewe, nawe utenge dakika chache kila siku za kuzungumza naye peke yake, pasipo ndugu wa kumkatiza.

Watoto wengi hupona bila tiba. Hata hivyo, kule kufumba macho na kukaza midomo kunaonyesha kwamba anapambana na maneno, kwa hiyo nisingekushauri usubiri zaidi; mpeleke kwa mtaalamu wa tiba ya usemi mapema. Akikuuliza kwa nini maneno hukwama, mjibu waziwazi, bila kunong'ona.